Kijani Pande Zote Mbili: Papa Aubin Bashige na Paa la Nyumba ya Magamba

Waheshimiwa mapadri, wakuu wa kartie Ndosho, ndugu wa shirika, mafundi wenzake na majirani, familia inawaomba mkae, na wale ambao hawakupata kiti wasogee chini ya turubai, kwa kuwa historia ya marehemu papa Aubin Bashige ina sehemu moja ndefu kuliko desturi, ambayo yeye mwenyewe aliomba isifupishwe, na isisomwe mbele ya watu wachache.

Alizaliwa tarehe 8 Machi 1950 huko Nyangezi, katika eneo la Walungu, mtoto wa tatu kati ya saba wa papa Cirhuza, aliyekuwa mfyatua matofali wa misheni, na mama Veneranda, mkulima wa maharagwe, na alibatizwa siku ya Pasaka ya mwaka huohuo. Shule ya msingi aliisoma hapohapo Nyangezi, kuanzia Septemba 1957 hadi Juni 1963, kisha akaenda Bukavu kujifunza useremala katika shule ya ufundi, akaanza Septemba 1965, akakatiza mwaka 1967 miezi ile mamluki walipoushika mji, akarudi darasani mwaka uliofuata, na kupata brevet yake, cheti cha ufundi, tarehe 4 Julai 1970. Walimu wake waliandika katika ripoti ya mwisho kwamba mwanafunzi Bashige anauliza maswali mengi na anamaliza kazi kwa kuchelewa, maneno ambayo mke wake alikuja kuyasoma miaka mingi baadaye, akasema kwamba watu wa Bukavu walimjua mapema.

Tarehe 3 Mei 1971 alishuka botini hapa Goma akiwa na sanduku moja la mbao, na wiki hiyohiyo akapokelewa kazini na muzee Ntirenganya, fundi wa paa, mtu wa Jomba katika eneo la Rutshuru. Huyu muzee alikuwa na nyumba moja ya kutunza ambayo ilimzidi nguvu, akahitaji kijana mwepesi wa kupanda.

Nyumba hiyo iko Himbi, karibu na ziwa, ilimalizika kujengwa mwaka 1953 na mzungu mmoja mwenye mashamba ya kahawa, na wengi wenu mnaijua kwa jina la Nyumba ya Magamba, kwa sababu paa lake halina manjanja, yaani mabati, kama mengine, lina vipande vya mawe membamba, vyeusi, vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kama magamba ya samaki. Mawe yale yalitoka Ulaya kwa meli, yakapita Kigoma, yakavuka maziwa mawili hadi kufika hapa, na juu kabisa, mahali ambapo pande mbili za paa hukutana, mgongo ulivikwa mabamba ya shaba iliyotoka Katanga, mabamba kumi na mawili yakiuangalia mlima Nyiragongo, na kumi na mawili yakiliangalia ziwa. Muzee Ntirenganya alikuwa mmoja wa vijana walioyapandisha mawe hayo mwaka 1953, ndiye aliyebaki Goma akijua namna ya kuyashika, na ndiye aliyemfundisha Aubin kila alichojua, isipokuwa jambo moja ambalo tutalifikia.

Alimfundisha kwamba jiwe la paa haliozi katikati, linaanzia ukingoni, linafunguka tabaka kwa tabaka kama kurasa za kitabu kilicholowa, na kwamba mara nyingi jiwe ni zima ila msumari ndio umekufa, kwa hiyo fundi anayetupa jiwe kabla ya kuangalia msumari ni mharibifu. Alimfundisha kugonga kila jiwe kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kwa maana jiwe zima hujibu na jiwe lililooza hunyamaza, ndiyo sababu majirani wa Himbi waliokuwa wakimwona Aubin juu kule kila msimu wa kiangazi, akigonga na kuinamisha sikio, walimpigia kelele kutoka barabarani wakimwuliza, "Weye, unapiga hodi kwa nani huko juu?", naye akawajibu kwamba mwenye nyumba hayuko. Kuhusu shaba alimfundisha kwamba ikiwa mpya inang'aa, baada ya miezi inafanana na chai, baada ya miaka inafanana na kahawa, kisha inakuwa nyeusi kidogo, na mwishowe inavaa kijani, na kwamba kijani hicho si ugonjwa, ni ngozi, inailinda shaba na moshi wa mlima ambao hapa kwetu hushuka na mvua na kula manjanja ya watu kwa miaka sita au saba. Sheria yake moja haikuwa na msamaha: ngozi ya shaba haikwaruzwi, hata kwa ukucha.

Tunafika mwaka 1974. Mzungu alikuwa ameondoka, serikali ikampa nyumba sitwayen Habineza, kama kila raia alivyoitwa miaka ile, mfanyabiashara wa kahawa, ambaye alitaka kujua kila kilichomo katika alichopewa, akahesabu milango, vitasa, bafu, miti ya bustani, halafu akasimama kwenye majani na darubini yake na kuangalia paa. Aliona kwamba mabamba ya upande wa mlima yalikuwa ya kijani, lakini yale ya upande wa ziwa yalikuwa na rangi ya kahawa. Akauliza, akaambiwa na mpishi kwamba mwaka 1969 muzee Ntirenganya aliyafungua mabamba yale ya upande wa ziwa, yote kumi na mawili, ili kubadilisha mbao zilizooza chini yake, na kwamba yalikaa chini kwenye depo kwa majuma matatu. Wakati huo muzee alikuwa Jomba kuvuna maharagwe. Sitwayen Habineza akamtuma Aubin apande, aangalie, ashuke na kusema kama ile ni shaba au si shaba.

Aubin alipanda. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Alikaa juu karibu saa nzima, akayagusa mabamba kwa kiganja, akalinganisha upande huu na upande ule, akakumbuka alichofundishwa, kwamba shaba ya miaka ishirini na moja chini ya moshi wa Nyiragongo lazima iwe ya kijani, na mfukoni alikuwa na msumari ambao kwa mkwaruzo mmoja ungemwonyesha wekundu wa shaba au weupe wa zinki. Hakukwaruza. Alitii sheria ya mwalimu wake, na kwa utii huo akamhukumu.

Jumapili tarehe 16 Juni 1974, baada ya misa, katika ua wa Nyumba ya Magamba, mbele ya wafanyakazi wa shamba, majirani na waumini waliokuwa wanatoka kanisani, Aubin Bashige alisimama juu ya ngazi ya baraza, akasema kwa sauti kwamba mabamba kumi na mawili ya upande wa ziwa si shaba, ni zinki iliyopakwa rangi, na kwamba aliyeyafungua mwaka 1969 ndiye anayejua shaba ilikokwenda. Muzee Ntirenganya aliporudi Jumatano, akiwa na mfuko wa maharagwe mapya aliomletea mwanafunzi wake, alikuta vifaa vyake vimewekwa nje ya geti. Hakubishana. Alisema tu, "Mwenye anataka kujua, apande," akachukua nyundo yake, akaacha maharagwe. Hakuna aliyepanda. Watoto wa avenyu walimpa jina la Muzee Zinki, jina likamtangulia kila mlango alioenda kuomba kazi, na kabla ya mwisho wa mwaka alirudi Jomba na mke wake mama Mukamugema na binti yao Annonciata, aliyekuwa na miaka minane.

Kazi ya kutunza paa alipewa Aubin.

Kwa kazi hiyo alioa. Ndoa ya kimila na mama Domitille Nsimire ilifanyika Nyangezi tarehe 12 Julai 1975, na ile ya kanisa ilifungwa hapa Goma tarehe 20 Desemba mwaka huohuo, na Mungu aliwajalia watoto wanne, Gentil aliyezaliwa mwaka 1976, Wivine mwaka 1979, Ange mwaka 1982 na Jolie mwaka 1986, wote wako hapa, pamoja na wajukuu kumi na wanne. Alijenga nyumba ya mbao huko Majengo. Alikuwa mshauri wa shirika, jumuiya yetu ndogo ya Kikristo, kwa miaka thelathini na mmoja, hakunywa sana, hakucheza karata, ila nyumbani alijulikana kwa kukaa mezani bila kula, akiangalia kifuniko cha sufuria kilivyobadilika rangi.

Kila Juni alipanda paa la Himbi, na kila aliposhuka aliandika katika kalepini, kidaftari chake cha mfukoni. Kalepini hizo ni tisa, familia inazo, na ndani yake mtu anasoma jinsi paa linavyozeeka: ni mawe mangapi yaliteleza baada ya mtetemeko, ni upande gani unaota kuvu, jinsi kuvu hiyo inavyoogopa maji yanayotiririka kutoka kwenye chuma cha mgongo, ikiacha ukanda safi chini yake, na jinsi majivu ya mlima yanavyojaza mianya mpaka majani yanaota humo. Lakini kuna mstari mmoja unaorudi kila mwaka. Juni 1975 aliandika, "Upande wa ziwa: bado hakuna kutu." Juni 1977, miezi michache baada ya mlima kulipuka, aliandika hivyohivyo. Alikuwa anangoja. Zinki iliyopakwa rangi, chini ya moshi wetu, ingepaswa kutoboka kufikia mwaka 1980, kwa kuwa manjanja ya nyumba yake mwenyewe ya Majengo, aliyoyapigilia mwaka 1974, yalikuwa tayari yanavuja kitandani. Mwaka 1981 aliandika, "Rangi gani hii isiyokwisha?" Mwaka 1985 aliandika neno moja, "Nyeusi," akapiga mstari chini yake. Mama Domitille anakumbuka kwamba mwaka ule alianza kuamka mapema kuliko kawaida.

Alhamisi tarehe 2 Juni 1988 alipanda kwa sababu jiwe moja lilikuwa limeteleza karibu na mgongo, upande wa ziwa, na kona yake iliyovunjika ilikuwa imelikwaruza bamba la saba. Ndani ya mkwaruzo ule, wenye urefu wa kidole, chuma kilikuwa chekundu. Hakikuwa cheupe. Aubin aling'oa misumari miwili ya bamba, akainua ukingo wake, akainama kuangalia chini, upande uliolalia mbao, upande ambao hakuna mvua iliyowahi kuufikia, akakuta ni wa kijani.

Hapo alielewa jambo ambalo mwalimu wake hakumfundisha, pengine kwa sababu aliliona ni jambo la kawaida la fundi asiyependa kupoteza. Mwaka 1969, baada ya kubadilisha mbao, muzee Ntirenganya aliyarudisha mabamba yaleyale, ila aliyageuza. Uso uliopigwa mvua kwa miaka kumi na sita, wenye mikwaruzo na matundu madogo ya mvua ya mawe, aliulaza chini, na uso wa ndani, uliokuwa haujaona mbingu, akauweka juu uanze maisha yake. Mwaka 1974 uso huo mpya ulikuwa na miaka mitano tu nje, ndiyo maana ulikuwa na rangi ya kahawa. Shaba yote ilikuwa pale. Aliinua bamba la nane, la tisa, hadi la kumi na mbili, yote yalikuwa ya kijani chini. Mpishi alipomwita kwa chakula, na kumwuliza kama amepanda huko kulala, alijibu kwamba anashuka, akakaa tena hadi kivuli cha nyumba kilipofika getini.

Muzee Ntirenganya alikuwa amekufa Jomba tarehe 19 Novemba 1984, akiezeka darasa la shule kwa manjanja.

Marehemu alituomba tuseme pia kwamba tangu siku ile ya Juni 1988 alinyamaza kwa karibu miaka mitatu, kwamba alikuwa na kazi, nyumba, watoto wanne na kiti katika shirika, na kwamba vyote hivyo aliviona vimesimama juu ya ngazi ile ya baraza. Jumamosi tarehe 13 Aprili 1991 alichukua gari la mizigo hadi Bunagana, ambako mama Mukamugema alikuwa amehamia kwa binti yake Annonciata, mwuza vitambaa karibu na duane, ofisi ya forodha ya mpakani, na alifika bila kuwatangulizia habari. Mama Mukamugema alimjua kabla hajasema jina lake. Alimpa kiti, akampa maziwa, akamwachia anywe hadi mwisho, kwa kuwa kwao mgeni haulizwi akiwa na kikombe mkononi, halafu akamsikiliza. Aubin alieleza yote, mkwaruzo, kijani cha chini, miaka mitano ya uso mpya, akaomba msamaha kwa magoti. Mama huyo alimwuliza swali moja.

"Siku ile ulisema mbele ya watu wangapi?"

Alijibu kwamba walikuwa karibu mia mbili.

"Basi mimi ni mutu mumoja," akasema. "Sitoshi. Urudi Goma, uwaambie mia mbili, kisha uje unywe maziwa ingine."

Annonciata alimsindikiza hadi stendi ya magari, na njiani alimwambia kwamba mama yake hana hasira, ila anajua kuhesabu.

Aubin alijaribu. Mwaka 1992 alimwomba padri nafasi ya kusema baada ya misa, padri akamweleza kwamba matangazo ni ya parokia, hayo ayapeleke katika shirika, akayapeleka, watu kumi na tisa wakamsikiliza na kumwombea, na alipotuma habari hiyo Bunagana, jibu lilikuwa kwamba mama amefurahi, wamebaki mia moja themanini na mmoja. Vita vilikuja, vikaondoka, vikarudi. Sitwayen Habineza alikufa uhamishoni, nyumba ikawa ya binti yake Christa, na watu waliosimama uani mwaka 1974 wakatawanyika au wakafa, mpaka Aubin akaanza kusema kwamba hata akiwapata mia mbili, hawatakuwa wale. Annonciata alimjibu kwa barua, tunayo, kwamba baba yake naye hakuchafuliwa kwa wale tu, habari ilitembea, kwa hiyo mia mbili wowote watafaa, nao watembee nayo.

Tarehe 17 Januari 2002, volkano ilipopita katikati ya mji, nyumba ya Majengo iliungua na kila kilichokuwamo, na familia ikahamia hapa Ndosho. Mama Domitille alikimbia na sufuria, godoro na Jolie, na walipokutana upande wa Gisenyi alimkuta mume wake amebeba mfuko mmoja wa plastiki. Akamwuliza, "Kila mutu amebeba kitu ya kula. Weye umebeba nini?" Zilikuwa kalepini. Watu walicheka, hata siku ile.

Tarehe 26 Agosti 2006, katika arusi ya Wivine, kulikuwa na wageni mia tatu, na baba wa bibi arusi alipewa mikro. Alisimama, akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua, na mama Domitille, aliyejua kilichoandikwa, alimvuta koti. Alivuta mara mbili. Papa Aubin aliikunja karatasi, akawatakia maarusi uzazi mwema, akakaa. Mama Mukamugema alikufa tarehe 6 Februari 2013 kabla ya kupata mia mbili wake.

Wakati huohuo paa liliendelea na kazi yake bila kumngoja mtu, ingawa uso huu wa pili ulichelewa kuliko wa kwanza, kwa kuwa miti ya bustani ilikuwa imekua na kuukinga na moshi. Kalepini ya mwaka 2004 inasema kwamba kwenye bamba la kwanza la upande wa ziwa, kona ya chini, kumetokea doa la kijani lenye ukubwa wa kifungo cha shati. Mwaka 2009 doa lilikuwa kama sahani. Mwaka 2016 aliandika kwamba, akisimama kwenye majani na kuangalia juu, hawezi tena kusema upande upi ni upi. Alimpeleka mtoto wake Gentil asimame palepale, akamwuliza anaona nini, Gentil akasema anaona paa, na baba yake akasema, "Sawa. Habineza angesimama hapa leo, angeona vilevile."

Mara ya mwisho alipopanda ilikuwa tarehe 14 Julai 2021, akiwa na miaka sabini na mmoja, majuma machache baada ya mlipuko wa Mei na mitetemeko iliyoufuata, kwa sababu dada Christa hakupata fundi mwingine aliyejua mawe yale. Gentil alishika ngazi. Bamba la saba lilikuwa limepasuka na halitengenezeki, na dada Christa akamruhusu akate kipande cha ukubwa wa kiganja, akibebe.

Ugonjwa wake ulianza na kikohozi mwaka 2022. Daktari alisema ni mapafu, kwamba vumbi la mawe ya kukatwa lilikuwa limekaa humo miaka mingi, na papa Aubin aliuliza limekaa katika tabaka ngapi. Alilazwa mara tatu, Novemba 2023, Juni 2024 na Machi 2025, na kwa jinsi barabara na ndege zilivyofungwa na vita mwaka huu, hapakuwa na namna ya kumtafutia matibabu mbali. Mwezi wa Agosti, Annonciata alitoka Bunagana kuja kumwona, akiwa na kibuyu cha maziwa. Alikaa naye mchana mzima. Alimwambia, "Papa Aubin, mimi nilishasamehe zamani. Lakini mama aliacha neno, na neno ya mama siwezi kuipunguza." Marehemu alicheka hadi kikohozi kikamshika, kisha akasema kwamba ameshafanya hesabu, kwamba kuna siku moja tu ambapo watu mia mbili watakuja kwake bila kualikwa, na siku hiyo hatakuwa na woga wa kusimama mbele yao, maana hatasimama. Aliaga dunia Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na mitano.

Juzi familia ilikaa. Mdogo wake marehemu, aliyetoka Nyangezi, alikumbusha kwamba desturi yetu haimsemi vibaya mtu aliyelala, kwamba haya yangeweza kusemwa ndani, kati yetu, mlango umefungwa, na wengine walikubaliana naye. Gentil alisema ni yeye aliyeshika ngazi, na kipande cha shaba alikiona kikishuka. Ndipo mama Domitille alisema, "Ni mimi nilimuvuta koti ku arusi. Leo hana koti ya kuvuta. Musome."

Kwa hiyo familia ya Bashige inasema mbele yenu, kwa niaba ya marehemu na kwa maneno aliyoyaandika mwenyewe tarehe 2 Juni 2023, kwamba muzee Ntirenganya wa Jomba, fundi wa paa, hakuiba shaba ya Nyumba ya Magamba, kwamba mabamba yote kumi na mawili ya upande wa ziwa yalikuwa shaba tangu mwaka 1953, kwamba aliyageuza ili yaishi zaidi, na yameishi, na kwamba aliyesema vingine tarehe 16 Juni 1974 ni Aubin Bashige, alikosea, alikuwa na msumari mfukoni.

Kile kipande cha shaba kiko mezani, karibu na picha. Mnaweza kukishika. Chuma chochote cha paa kina uso mmoja wa mvua, lakini hicho ni kijani pande zote mbili, kwa sababu kimeiangalia mbingu mara mbili. Baada ya mazishi kitakwenda Bunagana na dada Annonciata, ambaye yuko nasi, safu ya pili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia katika vipindi vyote vitatu, hasa wale waliokuja nyumbani kwa miguu, inawashukuru majirani wa Ndosho waliotoa maji, kuni na turubai, shirika lililoimba usiku tatu, dada Christa Habineza aliyefungua geti lake kwa mafundi waliotaka kupita kwa paa lile mara moja kabla ya kuja hapa, na mafundi wenyewe, waliogonga jeneza kwa vifundo vya vidole walipoingia, tumeelewa. Asubuhi hii Gentil alihesabu viti vilivyoletwa, ni mia mbili na arobaini, vyote vina watu, na waliosimama hatukuwahesabu.

Mama Mukamugema, wametosha.

Muzee Ntirenganya, uliyeteremshwa kutoka paa ambalo halikuwa na kosa, pumzika kwa amani. Na wewe papa Aubin, ambaye maziwa yako ya pili yanakungoja, pumzika kwa amani.